Babu Hakuonekana Pichani

Babu alizikwa Muheza mwaka 2007, nikiwa na miaka saba. Ninachokikumbuka zaidi si jeneza wala nyimbo, ni picha iliyosimamishwa mbele ya jeneza. Ilikuwa imekatwa na kukuzwa kutoka kwenye picha ya harusi ya shangazi ya mwaka 1986, kwa kuwa babu hakuwa na picha nyingine. Katika picha ile ya harusi shangazi yuko katikati na gauni jeupe pee, ndugu wamempanga huku na huku, na babu kasimama pembeni kabisa, chini ya mwembe. Fundi alimtoa babu peke yake, akamtia kwenye fremu yenye maua. Kilichoonekana kilikuwa kola ya shati, meno mawili matatu, na mahali pa uso, doa jeusi.

Watu walipita mmoja mmoja wakainamisha vichwa mbele ya lile doa. Mtoto wa jirani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Babu yako alikuwa hana macho?"

Bibi hakusema kitu siku ile. Alikuja kusema baadaye, na amekuwa akisema kila mwaka tangu hapo: "Mimi msije mkaniweka hivyo." Krismasi iliyopita alirudia, lakini safari hii haikuwa mzaha. Presha ya macho imeshamla jicho la kushoto, na la kulia linaelekea huko huko. Akatoa kitambulisho chake kwenye pochi, akanipa. Humo flashi imempiga usoni moja kwa moja, paji la uso linawaka, mashavu yamepauka kama aliyetoka kukoboa unga.

"Babu yako walimfanya mkaa, mimi wakanifanya unga," alisema. "Wewe si una kamera? Nipige, kabla sijashindwa kuiona hiyo picha yenyewe."

Kamera ninayo kweli. Nasoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam, na niliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza, ili nipige nakala za nyaraka. Kwa mwaka mzima sikuwahi kuielekeza kwenye uso wa mtu. Nyaraka hazisogei, hazilalamiki, na karatasi ni nyeupe. Sikujua kwamba huo weupe wa karatasi ndio uliokuwa ukinibeba.

Nilirudi chuoni nikiwa na wazo moja. Nilitaka picha ya bibi iwe ya mtindo ule ambao sehemu kubwa ya picha ni giza na mwanga kidogo unachora uso tu. Bibi ana uso wa kuchorwa namna hiyo. Tena chumba chake hakina kitu cha kuonyesha nyuma zaidi ya kabati na ndoo, kwa hiyo giza lingenisaidia. Nilidhani ni kazi rahisi: zima taa, washa moja, piga.

Usiku wa kwanza nilimkalisha mwenzangu wa chumba kitandani, nikazima tyubu ya darini, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka chini. Akatoka kama jini wa filamu za zamani. Nikaipandisha tochi juu ya kichwa chake: macho yakawa mashimo mawili. Nikatumia flashi ya kamera: paji la uso jeupe, nyuma yake kivuli kikali ukutani. Mwisho nikaiachia kamera ijiamulie yenyewe, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Chumba kilikuwa karibu giza tupu, lakini picha ilitoka kijivu, kila kitu kinaonekana: kamba ya nguo, jagi la maji, bango la mpira. Kamera ilikuwa imelifukuza giza nililolitafuta.

Sababu yake ina historia. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kilichopo mbele yake. Kimetengenezwa kudhani kwamba ukichanganya vitu vyote vilivyomo kwenye picha utapata kijivu cha wastani. Vitabu vya upigaji picha hukitaja kijivu hicho kuwa ni kile kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Ukikielekeza kwenye karatasi nyeupe, kitataka kuifanya kijivu. Ukikielekeza kwenye giza, nalo kitataka kulifanya kijivu. Kwa hiyo anayetaka giza lazima aibishie kamera: ashushe mwanga kwa hatua moja, mbili, hata zaidi ya pale inapopendekeza. Somo langu la kwanza lilikuwa hilo, kwamba mashine ina maoni yake kuhusu ulimwengu unavyopaswa kuonekana, na maoni hayo yaliwekwa na watu.

Somo la pili lilikuwa la umbali. Mwanga wa taa ndogo hupungua upesi kuliko tunavyodhani: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki robo. Maana yake, nikiiweka taa karibu sana na uso na ukuta ukawa mbali, ukuta utazama gizani wenyewe bila kuufunika. Nilisogeza kitanda cha mwenzangu hadi katikati ya chumba, nikaileta taa ya mezani hadi sentimita 50 kutoka shavuni. Ukuta ukapotea. Nilifurahi kama mtoto.

Lakini uso nao ulipotea nusu. Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki tatu.

Masomo yote niliyoyafuata yalianza mahali pamoja. Yalianza na Caravaggio, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1610, ambaye watu wake wanatokeza kwenye giza kama waliofunguliwa mlango. Yakaja kwa Rembrandt wa Uholanzi, ambaye jina lake wapiga picha wamelipa mpangilio mzima: taa juu kidogo na pembeni, hadi ipatikane pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wenye kivuli. Kisha yakafika kwa Yousuf Karsh, Muarmenia aliyezaliwa Mardin na kukimbilia Kanada, ambaye tarehe 30 Desemba 1941 huko Ottawa alimpiga picha Winston Churchill. Karsh alimchomoa Churchill sigara mdomoni, Churchill akakunja uso, na kitufe kikabonyezwa. Nyuma giza, suti nyeusi, uso unang'aa.

Nilizitazama picha hizo usiku kucha kabla sijaona kitu ambacho kilikuwa wazi tangu mwanzo. Katika zote, tofauti kati ya mtu na giza inaletwa na ngozi yenyewe. Uso mweupe, ukuta mweusi. Nusu ya kazi imeshafanyika kabla taa haijawashwa. Mwalimu mmoja wa mafunzo ya video alisema bila kusita kwamba mtu mwenye ngozi nyeusi asiwekwe mbele ya kitambaa cheusi, atapotea. Niliisikia sentensi hiyo nikamwona babu chini ya mwembe.

Basi nikafanya kile mwanafunzi wa historia anachojua kufanya akishindwa jambo. Niliacha kamera, nikaenda kusoma.

Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Concordia, alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu kadi zilizoitwa Shirley. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke, na fundi alilinganisha rangi za mashine yake na rangi za kadi hiyo. Mwanamke wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa Kodak aitwaye Shirley, jina likabaki hata wanamitindo walipobadilika. Kwa miongo mingi wanawake wa kwenye kadi walikuwa weupe. Ngozi yao ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Roth anaeleza pia kwamba kabla ya hapo, malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha namna filamu inavyonasa rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi zilikuwa zikitoka sawa. Mbao za aina tofauti hazikutofautishika. Mama zetu walikuwa wamelalamika kwenye sebule zao, na hakuna aliyewaandikia ripoti.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka, kisha nikafunga kompyuta nikatoka nje.

Ni lazima niseme kwa haki kwamba kadi peke yake haikumfuta babu. Fizikia nayo ina sehemu yake. Filamu ina upana wake wa kupokea mwanga. Haiwezi kushika kitu cheupe sana na kitu cheusi sana kwa mara moja, na mpiga picha lazima achague. Siku ya harusi ya shangazi mpiga picha alichagua gauni. Alikuwa na sababu: gauni likiungua, mteja hatalipa. Babu kwenye kivuli cha mwembe alipata mwanga uliobaki, ambao haukutosha. Kisha filamu ikaenda maabara, kwenye mashine iliyopimwa kwa uso wa mwanamke wa mbali. Na hasi za picha zile zilikwisha potea. Niliiskani picha yenyewe kwa ukubwa wote niliouweza, nikavuta vivuli juu kwenye programu hadi mwisho. Badala ya macho ya babu nilipata ukungu wa kijivu wenye chembechembe. Mwanga ambao haukufika kwenye filamu mwaka 1986 hakuna programu inayoweza kuuleta leo.

Lakini historia haikuwa ya kutojua tu. Mwaka 1970, Cambridge, Massachusetts, mfanyakazi wa Polaroid aitwaye Caroline Hunter na mwenzake Ken Williams waligundua kwamba kampuni yao ilikuwa na uhusiano na vitambulisho vya pasi ambavyo Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kubeba chini ya ubaguzi wa rangi. Walianzisha harakati za wafanyakazi, Hunter akafukuzwa kazi, na mwaka 1977 Polaroid ikaacha kuuza bidhaa zake huko. Kamera ya vitambulisho ya kampuni hiyo, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin walikuja kuitumia kamera hiyo hiyo kuuliza swali la rangi ya ngozi na teknolojia. Nami nilikuwa na swali langu, nikikumbuka kitambulisho cha bibi. Ilipotakiwa uso mweusi utambulike na askari, mwanga ulipatikana. Mwanga ule haukuwa wa heshima, ulikuwa wa kumtambua mtu tu. Mkaa na unga ni ndugu.

Je, hakuna aliyekuwa amefanya vizuri? Walikuwapo, tena karibu. Nilipokwenda Zanzibar nilipita Mji Mkongwe, kwenye Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Katika picha zake za nyeusi na nyeupe, watu wa mji wana mashavu, wana mifupa ya uso, wana mng'ao. Mali, Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948 na kuwapiga watu uani kwake, kwa mwanga wa mchana, nyuma yao kitambaa; kitambaa chake cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila mteja alimpiga picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha moja, na haikukosea.

Aliyenifungua macho hasa ni Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1919. Mwaka 1952 alipata ufadhili wa Guggenheim, Mmarekani mweusi wa kwanza kuupata kwa kazi ya picha, na mwaka 1955 akatoa kitabu na Langston Hughes. DeCarava hakutumia flashi. Alipiga kwa mwanga uliokuwapo, taa ya ngazini, dirisha la jikoni, kisha akachapa picha zake nzito, zenye giza. Lakini ukizitazama kwa subira unakuta giza lake limejaa vitu. Ndani ya kile unachokiita cheusi mna weusi wa koti, weusi wa mlango, weusi wa shavu, na hakuna unaofanana na mwingine. Hakuwatoa watu wake gizani kwa nguvu. Aliwafanya waonekane humo humo.

Niliwasha tena taa ya mezani. Safari hii sikutazama weupe, nilitazama mng'ao. Ngozi nyeusi hairudishi mwanga mwingi uliotawanyika kama karatasi, lakini inaakisi kama maji ya jioni: ukiweka chanzo kipana cha mwanga pembeni, unakiona chenyewe kimelala juu ya shavu, kwenye mfupa wa pua, ukingoni mwa taya. Mwanga huo ndio unaochora uso. Kosa langu halikuwa taa ndogo ya nguvu, lilikuwa taa ndogo ya umbo. Balbu ni nukta, nayo huacha nukta ya mng'ao na mashimo ya giza. Nilitundika shuka jeupe kati ya taa na mwenzangu, shuka likawa ndilo taa. Nikamwambia apake mafuta.

"Ya nini tena?" alilalamika. "Mimi nina mtihani kesho."

Alipaka. Nikapiga. Akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera, akanyamaza kidogo, akasema, "Nitumie hiyo." Ni mtu ambaye kwa miaka miwili hajawahi kuniomba picha.

Nilikwenda Muheza mwishoni mwa Mei na kamera, manila mbili nyeupe za shuleni na kaniki mita nne niliyoinunua sokoni. Bibi alinipokea barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda, huyo mke mwenzangu wa mjini hakupikii?"

Nilipoifungua kaniki akasimama. "Umeanza uganga?"

Nikamweleza ni ya kutundika nyuma yake. Akaishika, akaipitisha kwenye vidole. Kwetu kaniki ni nguo ya mganga, na kabla ya hapo, katika pwani ya karne ya 19, ilikuwa nguo ya watumwa na watu wa chini. Walipopata uhuru wao wanawake wengi waliikimbilia kanga yenye rangi na maneno. Bibi hakuhitaji nimfundishe hayo. "Mama yangu alilimia kaniki," alisema. "Haya, itundike. Lakini mimi nivae kitenge changu."

Chumba chake kina dirisha moja la mbao lenye mbawa mbili. Nilifungua ubawa mmoja na kuuacha mwingine. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, kwa hiyo dirisha lilitoa mwanga wa anga tu, mpana na mtulivu. Nilimkalisha kwenye kigoda, ubavu kuelekea dirishani, karibu nalo kiasi cha kuweza kuligusa. Kaniki niliitundika mita mbili nyuma yake. Upande wa kivuli nilisimamisha manila moja juu ya kiti irudishe mwanga kidogo, kisha nikaiondoa, kisha nikairudisha nusu. Kamera ikapendekeza mwanga wake. Nikashusha hatua mbili.

Bibi alikuwa amepaka mafuta ya nazi bila kuambiwa.

"Nitazame wapi?"

"Dirishani, bibi."

"Siko vizuri kwa kuona dirishani. Naona weupe tu."

"Basi tazama huo weupe."

Nilipiga picha nyingi kuliko Keïta. Katikati ya kazi nilimwuliza babu alikuwaje usoni. Alinyanyua mkono, akachora hewani mstari kutoka nyusini hadi kwenye sikio. "Alikuwa na kovu hapa, la panga, alijikata akivuna mkonge. Ukimwona upande huu ungesema mkali." Akaushusha mkono. "Lakini siku hizi nikijaribu kumwona, naiona ile picha." Nilibonyeza akiwa bado ametazama dirishani, hajafunga mdomo vizuri baada ya kusema.

Ndiyo tuliyoichagua. Kitenge kinaishia gizani mabegani. Nywele zake nyeupe zina ukingo mwembamba wa mwanga, shavu la upande wa dirisha linang'aa kama mtungi uliooshwa, na upande mwingine umezama, lakini si doa. Ukitazama unaliona jicho lile bovu, unaona mikunjo yake, unaona anafikiri. Kaniki haikummeza. Baina ya weusi wake na weusi wa nguo upo mpaka, na mpaka huo unauona bila kuambiwa.

Nilichapa nakala mbili kubwa Tanga mjini na kurudi nazo siku iliyofuata. Fundi wa uchapaji alitaka kuipandisha mwanga "ili ionekane." Nilimwomba asiguse kitu, nikasimama pale hadi ilipotoka.

Bibi aliipeleka mlangoni kwenye jua, akaisogeza hadi karibu na jicho la kulia, akaipitisha polepole kutoka kushoto kwenda kulia kama anayesoma. Alikaa nayo muda mrefu. Nilitaka kumwuliza anaona nini, nikajizuia.

"Nimezeeka," alisema. Kisha, "Huyu ndiye mimi."

Nakala moja aliifunga kwenye kanga mpya na kuiweka ndani ya sanduku la chini ya kitanda, pamoja na nguo anazotaka kuzikwa nazo. Nikachukua ya pili na msumari, nikaanza kutafuta mahali pa kuitundika sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Ukutani, bibi. Watu wakuone."

"Acha. Watu wakitaka kuniona si wabishe hodi?"